Je, mchanga unaweza kusafisha majitaka?

Swali: Nasikia majitaka humwagwa ardhini ili yasafishike, kisha yamwagilie mazao. Je, huko si kuhamishia uchafu visimani?

Jibu: Ardhi husafisha kweli, mradi ipumzishwe. Huko Shafdan, kusini mwa Tel Aviv nchini Israel, majitaka yakishasafishwa mtamboni humwagwa kwenye mabwawa ya mchanga. Bwawa hujazwa, kisha huachwa likauke, na ukavu huo ndio siri yenyewe: hewa hurudi ardhini, bakteria wakaendelea kula uchafu, na mchanga usizibe. Maji hukaa chini kwa miezi kadhaa kabla ya kuvutwa na kupelekwa mashamba ya jangwa la Negev, zaidi ya mita za ujazo milioni 100 kwa mwaka.

Hata hivyo, hofu yako ina msingi. Chumvi haichujwi, na karbamazepini, dawa ya kifafa, hupenya karibu kama ilivyoingia. Ndiyo maana visima vya kuvuta maji vimeyazunguka mabwawa, maji hayo yasije yakasambaa hadi kwenye maji ya kunywa. Penye mfinyanzi mzito au mwamba wenye nyufa nisingeshauri kabisa: kwenye mfinyanzi maji hugoma kushuka, kwenye nyufa hushuka mbio mno.