Homoni Ibomoayo na Kujenga Mfupa wa Taya

Watu wengi hudhani kwamba mfupa, ukishakomaa, hubaki vile vile kama jiwe la msingi wa nyumba. Sivyo. Ndani ya kila mfupa hai zimo seli za namna mbili zifanyazo kazi bila kukoma: osteoklasti, ambazo huumung'unya mfupa mkuukuu, na osteoblasti, ambazo hujenga mfupa mpya mahali palipochimbwa. Kwa mtu mzima mwenye afya kazi hizo mbili hulingana. Katika taya ulinganifu huo huvurugika upesi, kwa sababu kati ya mfupa ushikao meno na bakteria wa kinywani kuna ufizi tu.

Ukoga ukiachwa kwenye shina la jino, bakteria wake huuchokoza ufizi. Ufizi huvimba, hutoka damu wakati wa kupiga mswaki, na hatimaye huachana na jino na kufanya mfuko. Yafaa mwanafunzi aelewe kwamba mlaji mkubwa wa mfupa hapo ni mwili wenyewe: seli za ulinzi, zikipambana na bakteria, hutoa kemikali ambazo huziamsha osteoklasti zilizo karibu. Taya hupungua, jino hulegea, na mwenyewe husema amezeeka.

Mgonjwa wa kisukari yumo katika hatari kubwa zaidi. Sukari nyingi katika damu hushikamana na protini za mwili, na protini zilizogeuzwa hivyo huchochea uvimbe usiotulia. Osteoblasti nazo hupungua na kulegea, hata shimo lililochimbwa lisijazwe. Mwaka 1993 mtaalamu wa meno Harald Löe aliuita ugonjwa wa fizi tatizo la sita litokanalo na kisukari, akiuweka pamoja na yale ya macho, figo na neva. Tena uvimbe wa fizi nao huidhoofisha kazi ya insulini.

Sasa tuitazame homoni yenyewe. Shingoni, nyuma ya tezi ya thiroidi, kwa kawaida zimo tezi nne ndogo ziitwazo parathiroidi. Kalisi ikipungua katika damu, tezi hizo hutoa homoni iamuruyo kalisi itolewe mifupani. Homoni hiyo ikimwagika mchana na usiku, kama itokeavyo katika maradhi ya tezi hizo, mifupa hudhoofika. Lakini ikidungwa kidogo mara moja kwa siku, kisha ikatoweka baada ya saa chache, huziamsha osteoblasti kuliko osteoklasti, na mfupa huongezeka! Sijui mfano bora zaidi wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba kipimo cha dawa ni pamoja na saa yake.

Dawa itumikayo ni teriparataidi, yaani asidi amino 34 za kwanza kati ya 84 za homoni kamili. Marekani iliiruhusu mwaka 2002 kwa ugonjwa wa udhaifu wa mifupa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza matokeo ya wagonjwa 40 wenye ugonjwa mkali wa fizi. Wote walipasuliwa fizi na kusafishwa. Wengine wakadungwa mikrogramu 20 za dawa hiyo kila siku kwa wiki 6, wengine wakadungwa maji yasiyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, picha za eksirei zilionyesha kwamba mashimo ya mfupa yalijaa kwa asilimia 29 kwa waliopata homoni, na asilimia 3 kwa wenzao.

Je, mwenye kisukari? Katika panya waliosababishiwa kisukari, sindano hizo zimepunguza upotevu wa mfupa wa taya. Hayo yanatia moyo, lakini panya si binadamu. Dawa hii ni ghali, na haifai kwa mtu aliyewahi kutibiwa kwa mionzi mifupani. Wala hakuna homoni itakayojenga taya ndani ya mfuko uliojaa ukoga. Kwa hiyo daktari wa meno huanza kwa kuukwangua ukoga hadi chini ya ufizi, huku sukari ikidhibitiwa. Kukwangua huko peke yake hushusha pia sukari ipimwayo katika hemoglobini, kwa kiasi kidogo lakini chenye kuonekana, katika miezi mitatu au minne ifuatayo.