Piramidi si kazi ya majini

Kila mwaka hakosi kijana darasani wa kuniuliza: "Ustadhi, ni kweli piramidi zilijengwa na majini?" Zamani nilikuwa nikilikwepa swali hilo. Nilikosea, kwani Qur'an (17:36) inatukataza kufuata jambo tusilo na elimu nalo.

Ndugu msomaji, piramidi kubwa ya Giza ni kaburi la mfalme Khufu, lililojengwa miaka ipatayo 4,500 iliyopita. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf, zilipatikana kumbukumbu za Merer, kiongozi wa mabaharia, zikieleza watu wake walivyosafirisha mawe kutoka Tura hadi Giza kwa vyombo vya Mto Nile. Ni mto ule ule unaopokea maji ya ziwa hili tunalotawadhia hapa Mwanza. Karibu na piramidi yamefukuliwa makaburi ya wajenzi na majiko walimooka mikate. Ni jasho la wanaadamu, tena Waafrika.

Namna mawe yalivyopandishwa juu, wataalamu bado wanabishana. Dawa yake ni utafiti, si ngano.

Na Khufu mwenyewe? Sanduku lake la jiwe li tupu. Hilo ndilo zingatio.

Wabillahi tawfiq.