Pesa Imeingia, Mzigo Hautoki: Jaribu ERP Yako Kabla ya Kuiunganisha na Till

Wengi wenu mlioanza na till moja na daftari la madeni siku hizi mnatuuliza swali jipya: "Nimenunua ERP, mtaniunganishia lini?" Kuunganisha kwenyewe si kazi kubwa. Lakini kuna swali linalotangulia hilo, na watu hawapendi kuulizwa: je, umeijaribu?

Kama jina hili ni geni kwako, ERP ni programu moja inayoshika biashara nzima: stoki, mauzo, madeni, manunuzi, mishahara na hesabu za kodi. Uzuri wake ni kwamba ukiuza kitu hapa, stoki inapungua kule na hesabu inajiandika yenyewe. Ubaya wake pia uko hapo hapo. Kosa likiingia mahali pamoja linasambaa kote, tena kimya kimya.

Kisa kinachojulikana sana ni cha Hershey, kampuni kubwa ya chokoleti kule Marekani. Ilitumia dola milioni 112 hivi kuweka mifumo mipya. Kazi iliyokadiriwa kuchukua miezi 48 ikabanwa iishe kwa miezi 30. Mfumo ulitakiwa kuanza Aprili 1999, ukachelewa, ukawashwa Julai, wakati maduka yanajiandaa kwa Halloween, msimu ambao peremende huuzwa kama soda za Krismasi huku kwetu. Na uliwashwa wote kwa mpigo. Kumbuka, chokoleti zilikuwepo na wanunuzi walikuwepo. Kilichokosekana ni mfumo wa kuwakutanisha. Maagizo ya karibu dola milioni 100 hayakufika madukani kwa wakati, na faida ya robo hiyo ya mwaka ikashuka kwa asilimia 19. Programu zenyewe hazikuwa takataka; kampuni nyingine zilikuwa zikizitumia vizuri tu. Muda wa kuzijaribu ndio uliokatwa.

Sasa rudi dukani kwako. Tuseme unauza kwa jumla: unga, sukari, mafuta. Ukiunganisha till au Paybill na ERP, kila malipo yanatuma taarifa kwenye mfumo wako papo hapo. Mteja akishalipa, kwake mambo yameisha. Ujumbe anao kwenye simu. Kama mfumo wako haujaona hiyo pesa, kijana wa stoo hatatoa mzigo, na hapo ndipo kelele huanza kwenye kaunta. Pesa haingoji mfumo wako uwe tayari.

Kwa hivyo muombe aliyekuuzia akupe mazingira ya majaribio, yaani nakala ya mfumo iliyo mbali na pesa halisi. Akisema hana, mimi ningeanza kumtilia shaka mapema. Na usikubali kuonyeshwa tu maonyesho yake yeye, pale ambapo mteja anayeitwa "Mteja A" analipa shilingi 1,000 kamili na kila kitu kinang'aa kijani. Malipo safi hayakufundishi kitu. Leta siku yako mbaya zaidi ya mwezi uliopita, uipitishe yote humo ndani.

Anza na taarifa inayokuja mara mbili. Mtandao ukiyumba, taarifa ya malipo yaleyale inaweza kutumwa tena. Kila muamala una nambari yake ya kipekee, na mfumo unatakiwa ukiona nambari iliyokwisha kuingia uikatae. Usipoikataa, mteja aliyelipa 4,750 ataonekana amelipa 9,500, na utamtolea mzigo wa bure ukidhani ana salio. Kisha geuza: fanya taarifa isifike kabisa. Je, keshia ana njia ya kuitafuta na kuiingiza, au itabidi mteja akae kwenye gunia akingoja?

Jaribu pia watu wanavyoandika nambari ya akaunti kwenye Paybill. Wewe uliwaambia waandike INV0045. Mmoja ataandika inv 45, mwingine jina la mama yake, mwingine "unga". Hizo pesa zinaenda wapi? Mfumo mzuri unaziweka kando zisubiri mtu aziangalie. Mbaya unazitupa kwa akaunti ya yeyote. Usisahau anayelipa kwa simu ya jirani, anayepunguza deni kidogo kidogo, na yule aliyetuma kwa till yako kimakosa kisha pesa zikarudishwa. Huyo wa mwisho ndiye huumbua mifumo mingi: pesa imetoka kwako, lakini ERP bado inasema umeuza.

Halafu vipimo. Beli moja ya unga ni pakiti 12 za kilo 2. Nunua beli 10 kwenye mfumo, uza beli 3 na pakiti 5. Zikibaki pakiti 79, endelea. Zikibaki 2, mfumo umehesabu beli kama pakiti. Na kodi: bidhaa ya shilingi 100 yenye VAT ya asilimia 16 ndani yake inapaswa kugawanyika 86.21 na 13.79. Senti zinazopotea hapo huonekana ndogo hadi mwisho wa mwezi.

Nani afanye majaribio haya? Si fundi peke yake. Mkalishe keshia wako, umwache apambane bila kusaidiwa; akikwama mara tatu kwenye skrini moja, hiyo ni kasoro hata kama fundi anasema ni "mazoea tu". Lakini usimwagie mfumo wa majaribio majina na nambari za simu za wateja wako halisi. Hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na nakala za majaribio hupita mikono mingi. Tunga za uongo. PIN yako nayo haihitajiki na fundi yeyote, kwa jaribio lolote.

Hata kujaribu nusu kuna hatari yake. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamia mfumo mpya Aprili 2018 ikiwa na vituo viwili vya data, lakini uwezo wa kubeba mzigo ulijaribiwa kwenye kimoja tu. Wateja hadi milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao, na mwaka 2022 benki ikatozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kama una matawi mawili, jaribu yote mawili, tena saa ya watu wengi.

Kuhusu tarehe ya kuanza, epuka Desemba na wiki ya shule kufunguliwa. Chagua Jumanne tulivu ya katikati ya mwezi. Kabla ya hapo, jumla ya madeni kwenye daftari na kwenye ERP zilingane hadi shilingi ya mwisho, na uendeshe vyote viwili sambamba mpaka mwisho mmoja wa mwezi upite. Baada ya kuunganisha, kila jioni linganisha taarifa ya till na mauzo ya ERP. Zikitofautiana, tupigie ukiwa na nambari ya muamala na saa ulipofanyika. Kwa hizo mbili tunaweza kukuambia kama taarifa ilitoka kwetu au ilikwama kwako.