Umelipia Apu ya Masomo na Somo Bado Limefungwa? Usilipe Tena Kwanza

Tuseme uko Kayole, saa tatu usiku. Binti yako ana mtihani kesho. Ujumbe umeingia: shilingi 100 zimetoka. Lakini kwenye apu, somo bado limefungwa. Utalipa tena? Ngoja kidogo.

Ulichonunua kiko wapi?

Katika nyumba nyingi simu hazifanani: baba ana Android, shangazi ana iPhone, na mtoto huenda anasomea kwa saiba. Zamani fundi wa programu aliandika apu mara mbili, kila aina ya simu na yake. Siku hizi wengi hutumia zana kama React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, au Flutter ya Google, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2018. Sehemu kubwa ya kazi huandikwa mara moja tu, ikatumika kote.

Kwa apu iliyotengenezwa vizuri, malipo yako hayakai ndani ya simu. Yameandikwa kwenye seva, kwa jina la akaunti yako. Ukibadilisha simu, ingia na akaunti ile ile.

Pesa hupita wapi?

Ukibonyeza "Lipa", apu haikuchoti pesa. Seva yake hutuma ombi kwa kampuni ya pesa, nayo inakuletea dirisha kwenye laini yako: jina la biashara, kiasi, kisha PIN. Ukikubali, pesa inatoka, na jibu linarudi kwa seva ya apu. Jibu likifika, ndipo somo linafunguka.

Sasa mtandao ukiyumba hapo katikati, pesa imefika lakini habari haijafika. Ndiyo maana ukilipa tena unaweza kukatwa mara mbili.

Fanya hivi

1. Angalia ujumbe au salio. Kama pesa haijatoka, jaribu upya.
2. Kama imetoka, subiri dakika chache. Funga apu, ifungue tena, na uhakikishe uko kwenye akaunti uliyolipia.
3. Bado? Watumie wenye apu nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe wako. Mawasiliano yao yatoe ndani ya apu, si kwa mtu aliyejitokeza Facebook akidai ni "customer care".

Na PIN je?

PIN huwekwa kwenye dirisha la laini yako pekee. Apu ya masomo haina haja nayo hata siku moja. Ikikuuliza, toka. Na dirisha likitokea bila wewe kuomba chochote, ghairi, hata kama kiasi ni shilingi 10.

Jipime: Mtoto yuko saiba Umoja, wewe uko kazini Industrial Area. Anaweza kuandika nambari yako, ombi likaja kwako? Ndiyo, apu nyingi zinaruhusu. Lakini mpigie kwanza, uhakikishe ni yeye. PIN isitoke mkononi mwako.