Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Mwanafunzi wa Mandewa, Singida, aweza kukadiria safari ya ndege kwa kutumia atlasi tu. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000. Ukigawanywa kwa digrii 360, kila digrii ni kilomita 111.

Dar es Salaam iko digrii 7 Kusini, Addis Ababa digrii 9 Kaskazini, zote karibu na longitudo 39 Mashariki. Kwa kuwa Ikweta i katikati, digrii hizo hujumlishwa: 16, yaani kilomita 1,776. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, ni saa 2 na dakika 13, mbali na muda wa ziada wa kupaa na kutua.

Atoaye badala ya kujumlisha hupata kilomita 222; ndege iliyotiwa mafuta ya umbali huo haifiki.

Zoezi: Mandewa iko karibu digrii 5 Kusini. Je, ni kilomita ngapi hadi Ikweta?