Mtihani wa Mtandaoni: Usiiachie Kamera Kazi Yote

Mwalimu, chuo kikishanunua programu ya kusimamia mtihani kwa kamera, usijipongeze bado. Simu iliyoegemezwa chini ya skrini, kamera haiioni. Jaribu haya.

1. Tunga swali lisilonakilika. "Eleza maana ya uchakavu wa mali" ni zawadi kwa ChatGPT. Mpe kila mtahiniwa takwimu zake: Asha ana bodaboda ya shilingi 2,800,000 itakayotumika miaka mitano, Juma ana ya 3,100,000 kwa miaka minne. Wakokotoe uchakavu, kisha wamshauri mwenye pikipiki aweke akiba kiasi gani kila mwezi, na kwa nini. Moodle inaweza kubadilisha namba hizo yenyewe. Akili bandia itajaribu hata hili, sikatai, ila kundi la WhatsApp la darasa halitakuwa na jibu moja la kusambaziana.

2. Changanya mpangilio wa maswali. Ni kazi ya kubofya tu.

3. Funga kompyuta. Safe Exam Browser, iliyotengenezwa chuo cha ETH Zürich, Uswisi, ni ya bure na humzuia mtahiniwa kufungua kitu kingine kwenye kompyuta ile. Simu ya pili mezani haiihusu.

4. Programu ikimshuku mtu, usimhukumu. Oktoba 2020, mtihani wa uwakili wa California ulifanyika mtandaoni, na watahiniwa zaidi ya 3,000, karibu theluthi moja, wakawekewa alama ya kushukiwa. Walio wengi walisafishwa baadaye. Watu hutazama dari wakifikiri, mtoto huingia chumbani, umeme hukatika. Tazama video mwenyewe kabla hujamwandikia mtu barua. Waambie pia wakae wakielekea dirisha au taa, maana programu hizi zimelalamikiwa sana kwa kutozitambua nyuso nyeusi.

5. Chumba cha mtu ni faragha yake. Agosti 2022, jaji wa shirikisho huko Ohio aliamua kuwa Cleveland State University ilivunja katiba ilipokagua chumba cha mwanafunzi kwa kamera. Na sisi tuna sheria zetu: Kenya ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya taarifa binafsi ya 2022. Waeleze kwa maandishi unarekodi nini na utafuta lini.

6. Fanya jaribio lisilo na alama wiki moja kabla, na uandike mapema utaratibu wa umeme au bando kukatika. Bila hivyo, kila aliyekwama atakuwa na hadithi, na hutajua ya nani ni kweli.

7. Uliza kwa mdomo. Baada ya mtihani, mpigie mwanafunzi kwa video dakika tano: "Mbona hapa umegawanya kwa miaka mitano?" Aliyefanya mwenyewe atajibu, hata kwa kubabaika. Darasa la watu 200 hutalimaliza, basi chagua 20 kwa bahati nasibu, na utangaze mpango huo siku ya kwanza ya muhula. Kwa maoni yangu, tangazo hilo linazuia wizi kuliko kamera yoyote.