Uso uliopindika: wanganga wanaweza fanya nini?



Sisi wa kalasi ya tano, sehemu ya biolojia na shimi, tulipewa zamu ya kuandika somo la mwezi huu. Tulichagua jambo tuliloliona kwa macho yetu. Kuko muzee mumoja anapitaka hapa ku masomo na kikapo cha karanga. Upande wa kushoto wa uso wake umelala: jicho halifungike, na mate yanatoka pembeni ya kinywa. Wamoja kati yetu walimucheka, wengine walisema amelogwa. Tulipomuuliza Bwana Mwalimu wa biolojia, hakutujibu neno juu ya ulozi. Alisema tu: "Mulete kioo."

Basi na wewe chukua kioo. Kunja paji la uso, funga macho kwa nguvu, jaza pepo katika mashavu, onyesha meno. Kazi hizo zote zinaamriwa na mushipa mumoja wa fahamu kila upande, ule wa 7 kati ya jozi 12 zinazotoka ku bongo. Unapita katika tundu nyembamba ndani ya mufupa, unatokea chini ya sikio, kisha unagawanyika sawa vidole 5: ku paji, ku jicho, ku shavu, ku taya na ku shingo. Munganga wa Scotland, Charles Bell, aliandika juu ya mushipa huu mwaka wa 1821, na ugonjwa unaopindisha uso kwa gafula unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Katika ugonjwa ule wa Bell mushipa unavimba, na juu ya tundu ni nyembamba, unabanwa. Lakini hapa kisu hakihitajiwe. Karibu watu 7 katika 10 wanapona kabisa hata bila dawa. Dawa ya prednisolone, ikianzishwa mbele ya saa 72 kupita, inaongeza wenye kupona: katika uchunguzi mumoja wa Scotland uliotangazwa mwaka wa 2007, nyuma ya miezi 9 walipona 94 katika 100 kati ya waliopata dawa ile, na 82 kati ya wasioipata. Ni kusema, usikae nyumbani juma mbili ukipakaa majani. Tena angalia hili: kama mutu anaweza bado kukunja paji vizuri lakini kinywa kimepindika, zaidi sana kama mukono umelegea, shida inaweza kuwa ndani ya bongo. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa, kama mushipa umekufa kabisa? Panga inaweza kuukata, uvimbe unaweza kuukula, usaha wa sikio unaweza kuuharibu. Kama umekatwa siku hizi tu, munganga anatafuta ncha mbili na kuzishona; zikiwa mbali, anatia katikati kipande cha mushipa kutoka muguu. Kisha ni kungojea, kwa maana mushipa unakomea karibu milimetre 1 tu kwa siku. Na nyama za uso hazingoje milele: zikikaa mwaka moja na nusu ao miaka miwili bila amri, zinakauka, na hapo hata mushipa mupya hautakuta mutumishi.

Mwaka wa 1895 Muingereza Charles Ballance alijaribu njia ingine: aliunga mushipa wa uso na ule unaoinua bega. Uso ulitumika, lakini pamoja na bega! Tulicheka sana katika kalasi, lakini yeye ni kati ya waliofungua njia ya kuazima. Upasuaji haufufue mushipa uliokufa. Unaazima nguvu kwa jirani aliye muzima.

Turudi kwa muzee wetu. Yeye mwenyewe alitueleza, bila haya, kwamba alipona ukoma zamani. Kidudu cha ukoma kinapenda mahali pa baridi, na tawi la mushipa linaloenda ku jicho linapita karibu sana na ngozi, juu ya mufupa wa shavu. Likiharibika, jicho linabaki wazi muchana na usiku. Tena ukoma unaweza kuharibu mushipa ingine, wa 5, unaolipa jicho usikizi. Mutu hasikie muchanga wala nzi. Kioo cha jicho kinakauka, kinapata kidonda, na anapofuka bila kusikia maumivu. Ndiyo maana munganga anaanza na jicho, kisha kinywa. Kama kulegea ni kwa sasa, chini ya miezi 6, prednisolone inaweza kuurudisha mushipa. Ikipita hapo, inabaki kupasua.

Weka vidole mbele ya sikio, kidogo juu yake, na uume meno. Unasikia nyama inaruka? Ile ni ya kutafuna, na inaamriwa na tawi ingine la mushipa wa 5, ambalo ukoma kwa kawaida unaliacha. Harold Gillies, aliyetengeneza nyuso za waaskari wa vita ya 1914-1918, aliandika mwaka wa 1934 namna ya kutumikisha nyama hiyo. Wanganga wa India, kama Noshir Antia wa Bombay, waliwatendea hivi wenye ukoma. Munganga anakata ukanda wa nyama ile, anaugeuza kuelekea jicho, anaupasua mara mbili, anapitisha kamba moja ndani ya kope ya juu na ingine ndani ya kope ya chini, na kuzishona karibu na pua. Kisha mugonjwa anajifunza: uma meno, jicho linafunga. Wakati wa kula, jicho linafunga kila mara anapotafuna! Lakini halipofuke.

Kuko njia nyepesi zaidi: kushona pembe ya nje ya jicho lipungue, ao kutia ndani ya kope ya juu kipande cha zahabu cha karibu gramu 1, kusudi uzito uishushe. Kwa kutabasamu, Kiyonori Harii na wenzake wa Japani waliandika mwaka wa 1976 namna walivyotoa nyama ya ndani ya paja pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu, wakaiunga ndani ya shavu kwa kutumia mikroskopi. Ikiungwa na mushipa wa kutafuna, mutu anauma meno kusudi atabasamu. Ikiungwa na upande muzima wa uso, kwa mushipa uliopitishwa mbele karibu mwaka moja, inacheka yenyewe. Kazi ya namna hii inaomba vyombo na mikono mingi.

Muzee alikuwa anaogopa kisu. Bwana Mwalimu alimupeleka kwa munganga, na wawili wetu walisindikiza. Jicho lilikuwa jekundu, lakini kioo chake kingali safi. Alikubali ashonwe pembe. Sasa anauza karanga tena. Usiku anafunika jicho na kitambaa safi, na asubui anajitazama katika kioo kilekile cha kalasi yetu, tulichomuachia.

Mwenye swali aandike ku karatasi na kuipa mukubwa wa kalasi ya tano.